Ameandamana Jumamosi, Jumatatu analeta fomu ya mkopo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Kongwa, nesi kwa kazi, na huu ni mwaka wa 11 niko Ayalandi. Nina miaka 43. Nimeolewa na mwenyeji wa huku, mfugaji, tunaishi kaunti ya Roscommon na watoto wetu wawili. Mimi naingia zamu hospitali, yeye anafuga ng'ombe wa nyama: majike 24, kila mmoja anamnyonyesha ndama wake malishoni mpaka Oktoba, kisha ndama wanapelekwa mnadani. Shamba ni ekari 80 hivi, maji na mawe ndiyo mengi.

Ng'ombe siwaogopi, Shangazi. Marehemu baba alikuwa akipeleka ng'ombe mnada wa Pugu, nimekulia kwenye vumbi lao. Hata zamu ya usiku, nikipata dakika kumi za chai, naangalia kamera ya banda kwenye simu. Wiki iliyopita nilimpigia mume wangu saa tisa usiku: "Amka, yule mwenye doa jeupe kalala ubavu, mguu mmoja wa ndama umeshatoka." Alikimbia na viatu vya mvua bila soksi.

Sasa shida yangu. Jumamosi tarehe 10 Januari aliondoka alfajiri kwenda Athlone kwenye maandamano ya wafugaji, kupinga mkataba wa Umoja wa Ulaya na nchi za Mercosur, yaani Brazil, Argentina, Uruguay na Paraguay. Alirudi sauti imekauka. Chakula chote cha jioni kilikuwa nyama ya Brazil: madawa yao, misitu yao, na jinsi sisi huku tunavyoandikiwa kila sindano. "Wametoa ng'ombe wetu wapate kuuza magari yao," akasema.

Jumatatu akaniwekea fomu ya benki mezani. Mkopo wa euro 81,000. Katika hizo, 45,000 ni za banda jipya ambalo gharama yake ni 75,000 ukitoa ruzuku ya serikali ya asilimia 40, na 36,000 ni za kununua mitamba 12 wenye mimba. Marejesho ni 750 kwa mwezi, miaka 12. Benki wanataka sahihi yangu kwa sababu mwenye mshahara ni mimi. Hati ya shamba bado iko kwa jina la baba mkwe, ana miaka 81, na wifi yangu yuko Boston.

Nikamuuliza: kama mkataba huu utatumaliza, tunaongezaje ng'ombe? Akanijibu bei haijawahi kuwa nzuri hivi. Ni kweli, Oktoba ndama wa kilo 340 tulimuuza 1,700, na wa namna hiyohiyo mwaka 2019 tulipata 780. Nilipozidi kuuliza akasema, "Wewe hujui mambo ya hapa." Hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Baba mkwe naye ana lake. Kila nyama ikitajwa anarudi kwenye simulizi za baba yake, miaka ya 1930, Waingereza walipoweka ushuru mpaka ndama wakachinjwa ngozi tu. Akimaliza, anasema usiuzwe hata mche wa majani.

La mwisho: nina euro 14,000 nilizoweka za kumwezekea mama nyumba Kongwa. Mume wangu ameanza kusema zingetosha uzio na mabomba ya maji.

Je, mkataba huu kweli utaua bei? Nisaini au nisisaini? Sitaki nionekane mke wa kuja anayekwamisha shamba la watu.

Mke wa Mfugaji, Roscommon


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kikokotoo mkononi. Usisaini mwezi huu. Sababu nitakayokupa huenda siyo uliyoitarajia, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kabla ya kumfuata mwanangu huku Ulaya nilikuwa bibi mifugo Mpwapwa, na nikishikwa na habari za ng'ombe siachi haraka.

Mumeo kwanza nimtetee. Mtu anaweza kuandamana Jumamosi na kukopa Jumatatu bila kuwa mnafiki. Wafugaji wote niliowafahamu, wa Mpwapwa na wa huku, walilalamikia bei asubuhi na jioni wakaongeza ng'ombe. Ameona bei ambayo hajawahi kuiona maishani, na anaona mlango unataka kufungwa. Anataka kupita kabla haujafungwa. Kosa lake liko kwenye hesabu, nitalifikia.

Mkataba wenyewe una umri wa mtu mzima. Mazungumzo yalianza 1999, wakapatana mara ya kwanza Juni 2019, wakayafunga Montevideo tarehe 6 Desemba 2024. Januari 2026, tarehe 9, serikali za Umoja wa Ulaya zilipiga kura, na Ayalandi ikasema hapana pamoja na Ufaransa, Poland, Austria na Hungaria. Hawakutosha. Tarehe 17 ukatiwa saini Asunción, na siku nne baadaye Bunge la Ulaya likaamua kuomba maoni ya Mahakama ya Haki ya Ulaya. Kwa upande wa nyama ya ng'ombe, unaruhusu tani 99,000 kwa mwaka kuingia kwa ushuru wa asilimia 7.5, tena kwa kupandisha kidogokidogo ndani ya miaka mitano.

Wanaoutetea watakwambia tani hizo ni kama asilimia moja na nusu tu ya nyama ya ng'ombe inayoliwa Ulaya. Hesabu hiyo ni sahihi, na bado mumeo ana haki ya kukasirika. Hakuna anayevusha Atlantiki na shingo au mbavu. Wanaleta sarara na steki. Baba yako angekwambia: mzoga mzima una kilo 350, lakini mchinjaji anaishi kwa zile kilo chache za mgongoni, nyingine zote anazisaga. Kwa hiyo zipime tani hizo kwenye soko la steki, ambalo ni dogo zaidi ya soko la nyama yote, uone zinavyonenepa.

Na madawa siyo porojo za kwenye trekta. Ulaya ilikataza homoni za kukuzia ng'ombe tangu miaka ya 1980, na wakaguzi wake waliokwenda Brazil mwaka 2024 waliona nchi hiyo haiwezi kuthibitisha kwamba majike wanaochinjwa kwa soko la Ulaya hawajapewa homoni ya oestradiol. Wewe unajua mumeo anavyoandika kila chupa anayofungua, na kila ndama ana tegi mbili za manjano na pasi yake kama msafiri. Mtu wa namna hiyo akiambiwa ashindane na asiyeandika, lazima sauti imkauke.

Ila Oktoba bei ya ndama wako haikupangwa na Brazil. Ilipanda kwa sababu ng'ombe wamepungua. Ayalandi ilikuwa na majike wa kunyonyesha zaidi ya milioni moja mwanzoni mwa miaka ya 2010, leo hawafiki 800,000, na nchi jirani za Ulaya nazo zimepunguza. Ng'ombe wakiwa haba, viwanda na wanunuzi wa Italia wanagombania ndama mmoja, na dalali wa mnada anaimba mpaka anatokwa jasho.

Ukiniuliza mimi ni mlango upi unaonitia wasiwasi zaidi, nitakwambia wa Uingereza. Karibu asilimia 90 ya nyama ya ng'ombe ya Ayalandi inauzwa nje, na mteja mkubwa kuliko wote ni huyo jirani. Alipojitoa Umoja wa Ulaya watu walishika vichwa, na mwaka 2019 Ulaya na serikali ya huku zikatoa euro milioni 100 kuwapoza wafugaji kwa bei iliyoporomoka kwa hofu tu. Mwishowe, tangu Januari 2021, nyama ya Ayalandi inaingia Uingereza bila ushuru. Makaratasi yakaongezeka, bei haikufa. Lakini kuna jambo lilipita kimyakimya: Muingereza sasa anafungua mlango wake mwenyewe kwa amtakaye. Tangu 31 Mei 2023 Australia imeruhusiwa kuingiza tani 35,000 za nyama ya ng'ombe bila ushuru, zikipanda hadi 110,000 mwaka wa kumi. New Zealand ilipewa mkataba wake siku hiyohiyo. Mei 2025 Marekani nayo ikaahidiwa tani 13,000. Hao wote wanakwenda kwenye kaunta ileile ya Uingereza inayouza nyama yenu.

Usilale macho wazi kwa hilo. Kuruhusiwa kuleta tani fulani na kuzileta ni mambo mawili, na Muaustralia anauza anakolipwa zaidi. Nimekutajia ili uone kwamba mumeo amekodolea macho mlango mmoja na nyumba ina milango minne. Kuna na ule wa China: ulifunguliwa 2018, Mei 2020 ukafungwa kwa sababu ya ng'ombe mmoja tu aliyekutwa na kichaa cha ng'ombe.

Sasa lete kiti umketishe baba mkwe, maana mzee huyu ana jambo kubwa kuliko anavyodhani. Kisa chake ni cha kweli. Mwaka 1932 serikali ya Ayalandi, chini ya Éamon de Valera, ilikataa kuendelea kupeleka London fedha fulani za kila mwaka. London ikajibu kwa ushuru kwenye ng'ombe wa Ayalandi, na kwa kuwa mteja alikuwa mmoja tu, ndama wakakosa thamani hadi serikali ikawa inawalipa watu kwa ngozi za ndama. Iliisha 1938, Ayalandi ikalipa pauni milioni 10 ugomvi ukafungwa. Muulize mzee fedha zile zilikuwa za nini. Yalikuwa marejesho ya mikopo ambayo wakulima walipewa kununulia ardhi, mikopo ya tangu enzi za babu zao. Ngozi za ndama ndizo zinazokumbukwa, kumbe ugomvi wenyewe ulianzia kwenye daftari la madeni.

Nasi tufungue daftari. Mitamba 12, tuseme kila mwaka wanakuletea ndama 11 wa kuuza, maana mmoja atakufa au mama hatashika mimba. Kwa bei yako ya Oktoba, 1,700, hiyo ni 18,700. Chakula cha majira ya baridi, mbolea, daktari, dume, tegi, tuweke euro 700 kwa kila ng'ombe, jumla 8,400. Zimebaki 10,300. Benki inachukua 9,000. Mkononi mwenu: 1,300 kwa mwaka. Hiyo, mwanangu, ni kwa bei ambayo mumeo mwenyewe anasema haijawahi kutokea, na ikae hivyohivyo miaka 12.

Ndama akishuka hadi 1,300, ambayo bado ni bei nzuri, mnapungukiwa 3,100 kila mwaka. Akirudi kwenye 780 ya mwaka 2019, mnapungukiwa 8,820, na pengo hilo litazibwa na zamu zako za usiku. Mercosur sijaiweka kwenye hesabu hii hata kidogo. Isingekuwepo kabisa, mkopo huu bado ungekuwa umebana shingo. Gharama yangu ya 700 ibadilisheni kwa risiti zenu, lakini ifanyeni pamoja, kwa kalamu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Umeona shimo liko wapi? Anafurahi kuuza ndama kwa bei ya juu, halafu anakwenda kununua mitamba kwa bei hiyohiyo ya juu, euro 3,000 kila mmoja. Bei ikishuka, ndama watashuka nayo, lakini ile 36,000 haitashuka. Akitaka kuongeza, abakize ndama jike wake mwenyewe, watatu au wanne kila mwaka. Atakosa mauzo yao na atawalisha miaka miwili kabla hawajazaa, ni njia ya taratibu. Lakini ng'ombe waliozaliwa kwenye shamba lake anawajua mama zao, na bei ikianguka njiani anaacha bila kudaiwa na mtu.

Banda ni jambo jingine. Sitalipinga. Hukuniambia mumeo ana umri gani, ila kama mgongo wake ni wa mtu aliyebeba sileji, yale majani ya kuhifadhi, tangu utoto, banda zuri linaweza kumwongezea miaka ya kazi. Hapa nina swali: nani alisema ruzuku ni asilimia 40? Mpango huohuo wa serikali, TAMS, unatoa asilimia 60 kwa mwanamke wa miaka 41 hadi 66 mwenye mafunzo ya kilimo yanayotambuliwa na ambaye jina lake limo kwenye uendeshaji wa shamba. Wewe una 43. Banda la 75,000 kwa asilimia 60 linawabakizia 30,000 badala ya 45,000. Euro 15,000 zinalala kwenye jina lako, na hakuna aliyefikiria kuliandika popote isipokuwa kwenye deni! Masharti yapo, kuna cheti cha kusomea na utaratibu wa kusajili ubia wa shamba, na ujenzi hauanzi kabla ya kibali. Ofisi ya Teagasc, shirika la serikali la kuwashauri wakulima, ya kaunti yenu ndiyo kazi yao kuwaeleza. Itachukua muda. Sawa tu, muda ndio tunaoutaka.

Hapo kwenye jina ndipo nilipoiweka barua yako chini nikaenda kuchemsha chai.

Wanataka udhamini kwa mshahara wako banda litakalojengwa kwenye ardhi isiyo yako, wala ya mumeo. Ni ya mzee wa miaka 81, na ana mtoto mwingine Boston. Mumeo akitangulia kabla ya baba yake, Mungu apishe mbali, sheria ya urithi ya 1965 inampa mjane mwenye watoto angalau theluthi ya mali ya marehemu hata wosia ukisema vinginevyo. Lakini theluthi ya mali ya mtu asiye na shamba ni theluthi ya ng'ombe na trekta. Banda likishasimama linahesabiwa na ardhi. Utabaki unalipa 750 kila mwezi kwa ajili ya banda la wifi.

Simtuhumu mtu. Hii ndiyo hali ya huku: sensa ya kilimo ya 2020 ilikuta karibu theluthi moja ya wenye mashamba wamefika miaka 65 au zaidi. Wazee wanaogopa kukabidhi hati kwa sababu wanaogopa kugeuka wageni kwenye nyumba zao. Mawakili wanalijua hilo, hati ikihamishwa mzee huandikiwa haki ya kuishi humo mpaka mwisho wake. Na mrithi anayetimiza masharti ya kuhesabiwa mkulima hupunguziwa asilimia 90 ya thamani ya shamba kwenye kodi ya urithi, kwa hiyo ni bora kuzungumza mzee akiwa na akili timamu na mhasibu akiwa mezani. Wewe tafuta wakili wako. Siyo wa mumeo, siyo wa ukoo, wako. Na wifi wa Boston apigiwe simu mapema, mambo ya ardhi yakimfikia kwa uvumi yatakuja na ndege.

Kuhusu "hujui mambo ya hapa": mtu aliyeamshwa na wewe saa tisa usiku akaokoa ndama hana haki ya kusema hivyo, na nadhani anajua. Alisema kwa sababu ulimuuliza swali alilokuwa amejiuliza mwenyewe njiani akirudi Athlone. Usimjibu kwa mdomo. Chagua siku huna zamu, watoto wakiwa shule, weka ile hesabu mbele yake yenye safu tatu, 1,700, 1,300 na 780, umwachie kalamu. Mwambie hivi: "Banda nalitaka na mimi. Nitasaini siku jina langu litakapokuwa kwenye shamba, na mitamba tutazaa wenyewe." Halafu nyamaza. Kwetu tungeita wazee kikao, huku wanaita mhasibu na wakili, chai ni ileile.

Akikuuliza hofu yako ya kuonekana mke wa kuja, mkumbushe benki hawakuiona hofu hiyo walipoomba payslip yako.

Zile 14,000 usiziguse, wala usizitaje tena mezani. Nunua mabati ya mama, mpe fundi malipo ya mwanzo, nyingine ziache Dodoma kwenye akaunti isiyo na kadi. Uzio wa Roscommon una ng'ombe 24 wa kuulipia.

Halafu unijulishe, umeniacha hewani: yule mwenye doa jeupe alizaa nini? Kama ni jike, mwambie mumeo Oktoba asimpeleke mnadani.

Shangazi